Mama anaona haya kupita ukaguzi na sindano zake

Shikamoo Mama Dawa,

Huwa nasoma safu hii kwa ajili ya matatizo ya wengine, leo zamu imenifikia. Mwezi ujao nasafiri na mama yangu kwenda London kumwona dada yangu aliyejifungua. Tutakaa miezi miwili. Mama ana miaka 67 na hajawahi kupanda ndege. Tiketi tuliyopata inapitia Dubai, na hapo tutalala usiku mmoja hotelini kabla ya kuunganisha.

Mama ana kisukari cha muda mrefu. Anajidunga insulini za aina mbili kwa kalamu: moja ya usiku, nyingine kabla ya kula. Mkononi amebandikwa kile kifaa kidogo kinachosoma sukari na kuipeleka kwenye simu. Usiku analala na mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kwa barakoa, kwa sababu pumzi yake hukatika usingizini. Anameza tramadol kwa maumivu ya mgongo, ana vidonge vya presha, na ana dawa ya maji ya tumbo, chupa ya mililita 200. Ukivipanga vyote mezani utadhani tunafungua duka la dawa.

Nyumbani hatuelewani. Kaka yetu mkubwa ndiye aliyelipa tiketi, kwa hiyo neno lake ni zito. Yeye anataka kila kitu kiingie kwenye sanduku kubwa. "Mkononi abebe pochi na pasipoti, basi." Anasema sindano na betri zitatuletea maswali, na kwamba maji yakizidi mililita 100 yanatupwa hata uwe mgonjwa namna gani. Mama anamuunga mkono, ila kwa sababu zake. Anaona haya. Hataki vijana wamfungulie mkoba mbele ya watu, na kupapaswa ndiyo hataki hata kusikia. Ameshaanza kutoa vidonge kwenye boksi zake na kuvichanganya katika kopo moja ili visijaze nafasi. Juzi akaniambia siku ya safari hatadunga insulini, atakula kidogo tu mpaka tufike.

Mimi nilifikiri nichukue nusu ya dawa zake, tramadol ikiwemo, nizibebe kwenye mkoba wangu ili wa kwake uwe mwepesi. Nifanye hivyo? Mashine ya usingizi itahesabiwa kuwa mzigo wa ziada? Na saa za insulini zinakuwaje mkivuka majira?

Ni mimi,
Kitinda Mimba

Mama Dawa anajibu

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa mtoto.

Naanza na jambo ulilolitaja kwa kupita, maana ndilo lililonishtua: mama asiache insulini siku ya safari. Kula kidogo hakuzibi pengo hilo. Ile ya usiku ndiyo inayoishikilia sukari isipande hata kama mtu hajatia kitu mdomoni siku nzima. Akiiruka, sukari itapanda akiwa angani, ataenda chooni kila mara na kukaukiwa mwili, tena ndani ya ndege ambako hewa ni kavu kupita kiasi. Na kama ana kisukari cha aina ya kwanza, ambapo kongosho halitoi insulini kabisa, saa chache zinatosha damu kuanza kujaa asidi, na hapo dawa yake ni kulazwa. Insulini ya chakula ndiyo yenye uhuru kidogo: hakuna chakula, hakuna sindano. Mweleze tofauti hiyo leo hii, usingoje wiki ya safari.

Sasa sanduku la kaka yako. Muulize swali moja: usiku ule wa Dubai sanduku litakuwa wapi? Mzigo ulioukabidhi kaunta kwa tiketi moja mara nyingi huandikiwa kituo cha mwisho. Nyinyi mtakuwa hotelini, sanduku litakuwa kwenye ghala la mizigo likingoja ndege ya London. Mama atadunga nini usiku huo, na atalala na mashine gani? Hapo bado hatujalifikia sanduku lililopotea au lililokwenda mji mwingine. Insulini ina shida yake zaidi: kwenye tumbo la ndege joto linaweza kushuka sana, na wakati wa kupakia mizigo sanduku linaweza kukaa juani. Insulini ikishaganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi kama mwanzo. Huwezi kuijua kwa macho. Utaijua sukari inapokataa kushuka.

Kwa hiyo kila dawa ambayo mama hawezi kukaa siku tatu bila kuipata inasafiri naye ndani ya ndege: insulini zote, sindano, kipima sukari cha kawaida na vijiti vyake (kile cha mkononi kinaweza kubanduka au kugoma), vidonge vya presha, mashine ya CPAP na barakoa yake. Na mkoba wa dawa uwe mdogo wa kuingia chini ya kiti cha mbele, usiwe ule wa kupandishwa kabatini juu ya kichwa. Sababu ya kwanza ni kwamba sukari ikishuka, mtu hana nguvu za kusimama na kuvuta mabegi ya wenzake. Sababu ya pili wengi huijua ikiwa tayari ni tatizo. Ndege ikijaa, wafanyakazi husimama kwenye lango la kupandia na kuchukua mabegi ya mkononi ili yashushwe kwenye mizigo. Wanakuwa na haraka, foleni iko nyuma yako, nawe unajikuta umelitoa begi huku unatabasamu. Kama dawa ziko humo, umefanya kile alichotaka kaka yako bila kukusudia. Mkiombwa begi, utoe mfuko wa dawa kwanza, na betri zote, kisha ndipo mkabidhi kilichobaki. Betri za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo hata kidogo, kwa hiyo hata wao wanapaswa kuwakumbusha. Msingoje wakumbuke.

Kuhusu ubaridi, watu huhangaika kuliko inavyohitajika. Kalamu inayotumika hukaa nje ya friji. Nyingi huvumilia wiki nne hivi zikiwa chini ya nyuzi 30, ingawa kila aina ina maelekezo yake na uyasome kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi. Kalamu za akiba ndizo za kuwekwa kwenye mfuko wa ubaridi, zikiwa zimefungwa kitambaa zisigusane na barafu. Barafu ya jeli huruhusiwa inapobebwa kwa ajili ya dawa, ila itaje mapema kwa mkaguzi. Na tafadhali, msiwape wahudumu wa ndege insulini wawawekee kwenye friji yao. Wengi watakataa, na wanaokubali wanaweza kuiweka juu ya barafu ikaganda, au mkashuka mkaiacha.

Maji ya mililita 200 yasikunyime usingizi. Kikomo cha mililita 100 ni cha shampuu na manukato. Dawa anayoihitaji msafiri njiani huruhusiwa kuzidi kipimo hicho, almradi uitoe kwenye mkoba na kuitangaza, na uwe na kitu kinachoonyesha ni ya nani. Kwa hili kaka amechanganya sheria mbili.

Nimekaa na suala la mama kuona haya kuliko yote mengine, na wala silioni dogo. Mwanamke wa miaka 67 amezoea kuishi na ugonjwa wake kimya kimya, halafu unamwambia ausimulie kwa kijana mwenye glovu. Lakini kwa hesabu yangu, anayeficha ndiye anayefunguliwa. Mashine ya eksirei itaona kalamu, sindano na nyaya vizuri kabisa. Asipokuwa amesema kitu, begi litavutwa pembeni na maswali yatakuja mbele ya foleni nzima. Akisema mwenyewe kabla, mambo huwa mafupi. Mfundisheni sentensi moja ya kumwambia mkaguzi wa kwanza kabla hajaweka kitu kwenye mkanda: "Nina kisukari, nina insulini na sindano, na kuna kifaa mkononi mwangu." Kama Kiingereza chake hakitoshi, iandikwe kwenye kadi aionyeshe. Akiwa na kadi si lazima ajieleze kwa sauti.

Na ana haki ya kuomba chumba cha faragha. Aombe akaguliwe huko, na mkaguzi mwanamke, nawe uwe naye. Hili ni ombi la kawaida kwenye viwanja vikubwa, si upendeleo. Linataka muda tu, kwa hiyo fikeni mapema kuliko mlivyopanga. Kile kifaa cha mkononi ndicho kinachofanya ombi hili liwe na maana zaidi: baadhi ya watengenezaji wanasema kisipitishwe kwenye eksirei wala kwenye skana ya mwili mzima, wengine wanasema hakina neno. Kitabu cha maelekezo cha kifaa chake ndicho kitakachowaambia; kikikataza, aombe kukaguliwa kwa mkono. Kifaa kisibanduliwe kwa sababu ya ukaguzi. Hata akichunguzwa kwa mkono, mwambie kabisa kwamba mkaguzi anaweza kumgusa juu ya nguo na kumpangusa viganja kwa kikaratasi. Akijua mapema hatashtuka. Wenye betri ya moyo, kwa kuwa najua mnasoma: beba kadi ya kifaa chako, usisimame ndani ya lango la kugundua chuma, na mwombe mkaguzi asitulize kile kifimbo chake juu ya kifua.

Lile kopo la plastiki, mwambie mama avirudishe vidonge kwenye boksi zake usiku huu huu. Vidonge vyeupe vilivyochanganywa havina jina, na mtu wa forodha hana sababu ya kukuamini. Kila dawa ibaki kwenye boksi yenye lebo ya famasia na jina la mama kama lilivyo kwenye pasipoti. Juu yake, barua ya daktari: jina lake, magonjwa yake, kila dawa kwa jina lake la kitaalamu na si jina la kibiashara peke yake, kipimo, idadi anayobeba, tarehe za safari, na sentensi inayosema anahitaji sindano na mashine ya CPAP ndani ya ndege. Iwe kwa Kiingereza, na muhuri. Jina la kitaalamu ni la muhimu kwa sababu dawa moja huuzwa kwa majina tofauti kila nchi, na hata majina ya kitaalamu yana vituko vyake: paracetamol ukiivusha Marekani inaitwa acetaminophen. Toa nakala, moja kwako, moja kwa mama, na picha kwenye simu. Insulini nayo iandikwe nguvu yake. Nyingi ni U-100, yaani yuniti 100 kwa kila mililita, lakini bado zipo nchi zinazouza U-40, na sindano za bomba hupimwa kufuata nguvu hiyo. Anayenunua dharura bila kuangalia anaweza kukosea dozi kwa mara mbili na nusu.

Tufike kwenye tramadol, ambayo wewe umeitaja katikati ya orodha kana kwamba ni vidonge vya mafua. Hiyo si dawa ya kawaida mbele ya sheria. Uingereza inaidhibiti, Falme za Kiarabu zinaidhibiti, Misri ni wakali nayo mno. Kwa kuwa mtalala Dubai, mtapita uhamiaji na forodha. Hamtakuwa watu wa kupita tu ukumbini. Falme za Kiarabu zinataka dawa za aina hii ziombewe kibali kabla ya safari, na ombi hufanywa mtandaoni kwa mamlaka yao inayohusika na dawa, kwa kuambatisha cheti cha dawa na taarifa ya daktari. Anzeni wiki hii. Msiondoke na matumaini kwamba hakuna atakayeangalia. Kwa Uingereza, mgonjwa anayebeba dawa inayodhibitiwa ya chini ya miezi mitatu hahitaji leseni, lakini awe na barua au uthibitisho kwamba ni yake. Ikifika miezi mitatu au kuzidi, leseni inahitajika.

Hapa kuna mtego. Ushauri wa kawaida kwa msafiri mwenye kisukari ni kubeba mara mbili ya kiasi anachohitaji, nami nawaambia hivyo kwa insulini, sindano na vijiti vya kupimia. Lakini mkizidisha tramadol mara mbili kwa miezi miwili mmeshafika minne, na mmevuka mstari. Tramadol ihesabiwe kwa idadi iliyoandikwa kwenye barua na kwenye kibali, basi.

Na usiibebe wewe. Kidonge kinachodhibitiwa kikikutwa kwenye mkoba wa mtu ambaye jina lake haliko kwenye lebo, hapo si dawa ya mama tena, ni kosa lako. Insulini mnaweza kugawana, na ni jambo jema: nusu kwenye mkoba wako pamoja na nakala ya barua, ili mkoba mmoja ukiibiwa hotelini msibaki mikono mitupu. Tramadol yote ikae kwa mama.

Lakini kabla hamjahangaika na vibali, mrudini daktari na swali ambalo si la safari hata kidogo: je, mama anafaa kuwa kwenye tramadol? Dawa hii hupunguza msukumo wa kupumua, na mama ni mtu ambaye pumzi hukatika usingizini. Vilevile imejulikana kushusha sukari kwa baadhi ya watu, na mama anadunga insulini. Huenda daktari anajua yote hayo na amepima faida na hasara. Huenda pia aliyeandika tramadol ni daktari wa mgongo asiyejua habari za mashine ya usingizi. Hayo tunayaona famasi kila siku. Asiiache ghafla mwenyewe, maana aliyeitumia muda mrefu akiikata mara moja mwili hulalamika. Ila ikibadilishwa kwa utaratibu kabla ya safari, mtakuwa mmetatua la Dubai na la usingizi kwa pamoja.

Mashine ya CPAP. Mashirika mengi hayaihesabu kama mzigo wa mkononi kwa sababu ni kifaa cha matibabu, lakini pigeni simu mthibitishe na muombe iandikwe kwenye tiketi. Muibebe kwenye mfuko wake peke yake, bila kuisindikiza na viatu wala zawadi za mtoto, maana ukiujaza vitu vingine unajinyima hoja. Ukaguzini mnaweza kutakiwa kuitoa kwenye mfuko. Barakoa na bomba viache vibaki ndani, na uwe na mfuko safi wa plastiki wa kuifunika ikipita kwenye lile trei walilopitishia viatu vya watu. Kile kitangi cha maji kimwagwe na kukaushwa kabla ya kutoka nyumbani. Adapta iangalie nyuma: ikiandikwa 100–240V, itafanya kazi Dubai na London bila transfoma, mkihitaji tu kichwa cha plagi. Miji yote miwili hutumia plagi ya miguu mitatu bapa.

Je, aitumie angani? Kama ndege ya usiku ni ya saa nyingi na mama atasinzia, ingefaa. Mnahitaji ruhusa ya shirika kabla, na betri, kwa sababu plagi ya kwenye kiti inaweza isiwepo, isifanye kazi, au isitoe umeme wa kutosha. Betri za lithiamu zina sheria inayofanana karibu kila mahali: hadi wati-saa 100 unabeba bila kuuliza, kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa na za akiba haziruhusiwi kuzidi mbili, zaidi ya 160 usijisumbue. Betri isiyoandikwa wati-saa unaihesabu mwenyewe kwa kuzidisha volti na ampea-saa: volti 14.4 mara 6.6 ni 95, umepona. Pawabenki ya simu nayo ni betri ya akiba, ila mashirika mengine yana masharti makali zaidi juu yake, kwa hiyo ulizeni. Kila betri ya akiba iwe kwenye mfuko wake, ncha zimefunikwa, zisigusane na funguo. Kama hamtapata betri, mama akae macho kadiri awezavyo, kiti kikiwa kimelala kidogo, na asimeze kitu chochote cha kuleta usingizi. Hata zile za mzio zinazolevya.

Saa za sindano. Ukienda magharibi siku yako inarefuka, ukienda mashariki inafupika. Tofauti ya saa mbili au tatu kwa kawaida haina uzito. Ikizidi hapo daktari aandike ratiba: tarehe, saa ya nyumbani, saa ya mji mnaofika, yuniti ngapi. Mpaka mtakapofika, saa ya mkononi ya mama isiguswe, ibaki ya nyumbani, na simu yako ndiyo ijibadilishe. Insulini ya chakula asiidunge kwa kusikia tu harufu ya chakula. Chakula kiwe mbele yake, kwenye meza. Ndege ikianza kutikisika wahudumu hurudisha magari yao na kukaa, na mtu aliyejidunga dakika kumi kabla anabaki na insulini mwilini na tumbo tupu. Kwa hilo hilo awe na glukosi ya vidonge au pipi mfukoni, si juisi ambayo itabishaniwa ukaguzini.

Kalamu isiachwe na sindano ikiwa imechomekwa. Ndani ya ndege shinikizo ni kama la mlima wa hadi mita 2,400 hivi, hewa iliyomo kwenye kalamu hutanuka na kusinyaa, na sindano iliyobaki ni mlango wa viputo. Achomeke mpya kila mara, atoe yuniti mbili hewani aone tone, ndipo ajidunge. Sindano iliyotumika iingie kwenye kichupa kigumu mlichobeba, si kwenye mfuko wa kiti. Simu inayosoma kifaa cha mkononi ikiwekwa kwenye hali ya ndege, Bluetooth pekee ndiyo huwashwa tena, kwa ruhusa ya shirika, jifunzeni nyumbani.

Siku ya kurudi barua iwe bado hai, na kibali cha Dubai kama mtaingia tena mjini. Mkiwa London mtaona vidonge vya paracetamol vyenye codeine ndani yake vinauzwa famasi bila karatasi ya daktari. Usimnunulie jirani zawadi. Codeine nayo inadhibitiwa huko mtakakopitia.

Na kaka yako, kwa kuwa neno lake ni zito, mpe kazi inayolingana na uzito huo. Apige simu shirika la ndege wiki hii, aulize mambo manne: mashine ya CPAP kuandikwa kwenye tiketi, ruhusa ya kuitumia angani, kikomo cha betri, na kama wanataka fomu ya daktari. Kwa mtu aliyetulia na dawa zake mara nyingi hawaitaki, ila huihitaji kwa mwenye oksijeni au aliyetoka hospitali karibuni. Majibu yaje kwa barua pepe, yachapishwe, yaingie kwenye bahasha moja na barua ya daktari. Wewe mpeleke mama kliniki.